Mwalimu wa Jiografia Anayetaka Uzamili wa Sayansi ya Dunia: Pa Kuanzia na Pa Kupitia Nchini Uganda

Mwalimu wa sekondari nchini Uganda anayetaka kusomea shahada ya uzamili katika ufundishaji wa sayansi ya dunia hukutana na ugumu wa kwanza kabla hata hajajaza fomu, kwa sababu hakuna mlango wenye kibao cha jina hilo. Sayansi ya dunia, yaani elimu ya miamba, udongo, maji, hewa na nguvu zinazoinua milima na kupasua mabonde, haifundishwi katika shule zetu kama somo linalojitegemea. Sehemu yake kubwa imo katika jiografia, madini yamo katika kemia, mawimbi ya matetemeko hufafanuliwa kwa fizikia, na habari za visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale, huguswa katika biolojia. Chuoni nako hali ni hiyo hiyo. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, jiolojia imo katika Koleji ya Sayansi Asilia, jiografia imo katika Koleji ya Kilimo na Sayansi za Mazingira, na ualimu una koleji yake yenyewe. Anayeuliza ofisi ya kwanza huelekezwa ya pili, ya pili humwelekeza ya tatu, na jua la Kampala likishakuchwa hurudi nyumbani na vipeperushi vitatu visivyojuana.

Ushauri wangu umesimama juu ya jambo moja. Chagua kwanza swali linalotoka katika ardhi inayoizunguka shule yako, kisha uache swali hilo likuchagulie mlango. Wengi wetu hufanya kinyume: tunatafuta kozi, tunalipa ada, halafu mwaka wa pili tunaanza kuhangaika na mada. Nilifanya hivyo mwenyewe. Pendekezo langu la kwanza la utafiti lilihusu changamoto za kufundisha jiografia nchini Uganda, na lilirudi likiwa na mstari mmoja wa kalamu nyekundu pembeni: shule ipi, somo lipi, mwamba upi? Sikuwa na jibu, na kutafuta jibu kulinigharimu mwaka mzima ambao ningeweza kuuokoa kwa kuketi jioni moja chini ya mwembe wa shule na kutazama kilima kilicho mbele yangu.

Swali lililo chini ya miguu

Shule ninayofundisha iko kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na kwa watu wa huku maporomoko ya ardhi si sura ya kitabu. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka katika kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, ukafunika nyumba na kituo cha afya. Mwezi Oktoba 2018 Bududa iliporomokewa tena, na tarehe 27 Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Sababu zake kwa lugha ya kitaalamu zinajulikana. Elgon ni volkeno kuukuu iliyozimika, na miamba yake ya majivu yaliyogandamana imeoza kwa muda mrefu sana ikawa udongo mzito wa mfinyanzi. Miteremko ni mikali, mvua ni kubwa, maji hujikusanya kwenye mabonde yaliyojikunja ndani ya mteremko, na mkulima anapochonga ubavu wa kilima ili apate kiwanja cha nyumba huondoa kile kilichokuwa kinashikilia udongo wa juu. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuyakariri haya yote, akapata alama, kisha akarudi nyumbani na kueleza kwamba mlima ulianguka kwa sababu ulikasirishwa.

Pengo kati ya maelezo hayo mawili ndilo shamba la mtafiti wa ufundishaji. Mtaalamu wa jiolojia huuliza kwa nini mteremko umeporomoka. Sisi tunauliza mtoto anaelewaje kuporomoka kwa mteremko, ni kitu gani kinachobadilisha uelewa wake, na kitu hicho kinaweza kufanywa na mwalimu mwenye wanafunzi themanini na ubao mmoja? Swali nililolifikia baada ya kurudishwa lilikuwa hili: je, wanafunzi wanaoishi juu ya udongo wa mfinyanzi wa Elgon hueleza vipi chanzo cha maporomoko, na maelezo yao hubadilika vipi baada ya kuuchimba na kuupima udongo huo kwa mikono yao? Ni swali dogo, lakini lina mahali, lina watu na lina kitendo, na msimamizi anaweza kulishika.

Uganda ni nchi tajiri mno kwa maswali ya namna hii, na mwalimu wa wilaya yoyote hana haja ya kuazima la jirani. Aliye Kasese ana mgodi wa shaba wa Kilembe uliofunguliwa mwaka 1956, mto Nyamwamba uliofurika tarehe 1 Mei 2013, na barafu ya Rwenzori inayopungua kila muongo juu ya kilele cha mita 5,109, barafu ambayo kwa Wakonzo ina mwenyewe, mungu wao Kitasamba. Aliye Fort Portal ana maziwa ya kasoko za volkeno pamoja na kumbukumbu ya tetemeko la Februari 1994, ambalo wazazi wa wanafunzi wake bado wanaweza kulisimulia. Kabale kuna Ziwa Bunyonyi lililozuiwa na lava bondeni. Tororo kuna mwamba uliosimama katikati ya mji na fosfeti ya Sukulu pembeni yake. Karamoja ina mabaki ya wanyama wa kale huko Napak na Moroto. Hoima na Buliisa mafuta yalithibitishwa mwaka 2006, na watoto wa huko wanasikia habari za visima kabla hawajafundishwa mwamba tabaka ni nini. Hata mwalimu wa nyanda tulivu za kati, anayedhani hana kitu, ana mito ya Katonga na Kafu, ambayo zamani ilitiririka kuelekea magharibi, kisha ardhi ya ukingo wa Bonde la Ufa ikainuka polepole, maji yakageuzwa, na mabwawa ya mafunjo yakabaki kama ushahidi. Ningekuwa mwalimu wa Mpigi nisingetafuta mada nyingine.

Milango iliyopo

Swali likiwa mkononi, milango mikuu ni mitatu. Wa kwanza ni uzamili wa elimu, hasa katika elimu ya sayansi au masuala ya mtaala, unaotolewa Makerere na, kwa sura tofauti, katika vyuo vingine vya umma kama Kyambogo. Huu ndio unaomfaa mwalimu wa kawaida mwenye shahada ya ualimu, kwa kuwa haumdai awe amesoma jiolojia chuoni, na tasnifu yake inaweza kuhusu mada yoyote ya sayansi ya dunia mradi mtazamo uwe wa ufundishaji. Udhaifu wake ni kwamba utasoma nadharia nyingi za mtaala na takwimu lakini hutashika jiwe hata moja usipojitafutia mwenyewe.

Mlango wa pili ni uzamili wa sayansi katika jiolojia au katika jiografia na taarifa za kijiografia. Huku utapata miamba, ramani na picha za setilaiti za kutosha, ila idara ya jiolojia hutarajia mwombaji awe na msingi wa jiolojia, na mwenye shahada ya ualimu wa jiografia na historia anaweza kukataliwa au kutakiwa asome kozi za ziada kwanza. Usivunjike moyo kabla ya kuuliza, lakini uliza kwa barua na upate jibu la maandishi. Jibu la mdomo la mtu uliyekutana naye kwenye ngazi halitakusaidia siku ya usajili.

Mlango wa tatu ni masomo ya mbali. Kuna vyuo vya nje vilivyotunga uzamili wa sayansi ya dunia mahususi kwa walimu walio kazini. Unaofahamika zaidi ni ule wa Mississippi State University nchini Marekani, ambao masomo yake mengi hufanyika kwa intaneti na kumaliziwa na kozi ya uwandani ya ana kwa ana. Faida yake ni kwamba umetungwa kwa kumfikiria mwalimu. Gharama yake ni ada ya dola, viza ya kwenda kukamilisha sehemu ya uwandani, na tofauti ya saa nane au tisa, kutegemea majira, ambayo humaanisha kwamba kipindi cha jioni kwao ni usiku wa manane kwetu. Kabla ya kulipa shilingi yoyote kwa chuo cha nje, ulizia Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kama shahada hiyo itatambuliwa, maana baraza hilo ndilo linalolinganisha shahada za kigeni na za hapa nyumbani. Vyuo vikuu vya Nairobi na Dar es Salaam navyo vina idara za jiolojia, na anayeishi Busia au Mutukula asivipuuze kwa sababu tu viko ng'ambo ya mpaka.

Nikiulizwa ningechagua upi, ningesema wa kwanza, pamoja na msimamizi wa pili kutoka idara ya jiolojia au jiografia. Utaratibu wa wasimamizi wawili ni wa kawaida katika tasnifu, na ndio unaounganisha majengo yale matatu ambayo hayaelekei kuunganika yenyewe.

Kumtafuta msimamizi

Wanafunzi wengi husubiri kupangiwa msimamizi, na atakayepangwa anaweza kuwa mtu mwema ambaye maisha yake yote ameshughulikia uongozi wa shule za msingi. Mtafute mapema wewe mwenyewe. Soma machapisho yake mawili au matatu, kisha mwandikie barua fupi isiyozidi ukurasa mmoja, yenye aya ya swali lako, aya ya mahali na wanafunzi utakaowatumia, na aya ya kile unachoomba kwake. Mwite kwa cheo chake, Profesa au Daktari, na usimwambie kwamba unapenda sana mazingira, kwa kuwa kila mtu hupenda mazingira. Mwambie kwamba kidato chako cha pili kimeshindwa kueleza kwa nini udongo wa mfinyanzi huhifadhi maji kuliko kichanga, na kwamba unataka kujua sababu. Barua ya namna hiyo hujibiwa.

Kwa msimamizi wa upande wa jiolojia, nenda na kitu mkononi. Nilikwenda na chupa, na nitaieleza hapa kwa kuwa baadaye ilikuja kuwa chombo kikuu cha utafiti wangu.

Chukua chupa ya plastiki ya maji iliyo wazi kabisa, ya lita moja na nusu, ukate shingo yake. Jaza udongo uliopondwa mpaka theluthi moja, ongeza maji karibu na ukingo, tia chumvi kijiko kimoja cha chai ili chembe laini za mfinyanzi zishikamane na zisielee kwa muda mrefu majini, funika kwa kiganja au mfuko wa plastiki na utikise kwa dakika nzima. Iweke mezani bila kuigusa tena. Kichanga hutulia chini ndani ya dakika moja, nawe unaweza kukiona kikianguka. Chembe za kati hutulia baada ya saa kadhaa. Mfinyanzi hubaki ukielea, maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na kesho yake asubuhi utakuta tabaka laini juu kabisa. Pima kila tabaka kwa rula na upate uwiano wake. Udongo wa kiwanja cha mpira wa shule yetu ulikuwa na kichanga kingi. Ule wa mteremko ulioporomoka nyuma ya shamba la migomba ulikuwa na tabaka la mfinyanzi nene kuliko mengine yote kwa pamoja, na msichana mmoja wa kidato cha pili aliinama, akaitazama chupa kwa muda, akasema, "Mwalimu, kumbe mlima wetu ni matope yaliyosimama." Sijawahi kuandika sentensi bora kuliko hiyo katika tasnifu nzima.

Ruhusa, fedha na karatasi

Mwalimu wa serikali haondoki kazini kwa kuaga tu. Ruhusa ya masomo huombwa kwa maandishi kupitia kwa mwalimu mkuu, nayo huenda kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu na Michezo kwa walimu wa sekondari, au kwa Afisa Mkuu Mtendaji wa wilaya kwa wale walio chini ya wilaya. Ambatanisha barua ya kukubaliwa chuoni, uhakikishe nakala moja imepigwa muhuri wa kupokelewa, na uihifadhi. Anayepewa ruhusa yenye mshahara huweza kutakiwa kutia saini mkataba wa kurudi na kutumikia kwa muda fulani, kwa hiyo soma maneno yote kabla ya kutia saini. Walio wengi hawaondoki kabisa, bali husoma wakati wa likizo au mwisho wa juma, na kwao ombi linalofaa si la ruhusa ndefu bali la kupangiwa vipindi vya siku nne badala ya tano. Jambo hilo mwalimu mkuu anaweza kuliamua mwenyewe akiwa na moyo mwema.

Kuhusu fedha, ada ni sehemu moja tu ya gharama. Weka hesabu ya nauli, uchapaji, ujalidi, maabara, kipimo cha wizi wa maandishi, na bodaboda za uwandani, ambazo kwenye njia za milimani hupandisha bei mvua ikinyesha. Sako za walimu, yaani vyama vyao vya akiba na mikopo, hukopesha kwa riba nafuu kuliko wakopeshaji wa mjini, ila usikope ada ya miaka miwili kwa mkupuo. Upande wa ufadhili, mipango ya Jumuiya ya Madola hutoa nafasi za uzamili kwa raia wa nchi kama yetu, zikiwemo za masomo ya mbali. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, hufadhili masomo katika vyuo vya ndani ya Afrika. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hupeleka watu huko kwa mwaka mmoja, lakini hutaka uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili na sharti la kurudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo, masharti ambayo mwalimu huyatimiza bila taabu. Katika insha za maombi hayo, Bududa huzungumza vizuri kuliko maneno kama maendeleo endelevu.

Nikiwa hapa niseme jambo ambalo wengine hulikwepa. Mwaka 2022 serikali ilipopandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, jiografia ilihesabiwa upande wa sanaa, na walimu wa upande huo waligoma. Anayedhani kwamba uzamili wa sayansi ya dunia utamhamisha upande mmoja hadi mwingine katika orodha ya mishahara ajiulizie mapema na kwa maandishi, asije akasoma kwa matumaini yasiyo na msingi. Shahada hii ina thamani yake, lakini thamani hiyo huonekana kwanza darasani, na katika nafasi za kufundisha vyuo vya ualimu, kutunga vitabu na kushiriki kazi za mtaala.

Karatasi zenyewe ni za kawaida: matokeo kamili ya chuo yaliyothibitishwa, vyeti vya sekondari, barua mbili za wadhamini, na mara nyingi shahada ya kwanza isiyopungua daraja la pili la chini. Jina lako liandikwe sawasawa katika vyeti vyote. Herufi moja iliyozidi itakupeleka kwa wakili kuapa.

Kujifunza jiolojia ukubwani

Mwalimu wa jiografia anajua majina ya miamba lakini mara nyingi hajawahi kuishika na kuitofautisha, na hili si kosa lake. Kabla masomo hayajaanza, jipe miezi mitatu ya kujizoeza. Nunua lenzi ya mkononi inayokuza mara kumi, dira, na nyundo nzito ya fundi. Jifunze kipimo cha ugumu cha Mohs kwa vitu ulivyo navyo: kucha ina ugumu wa takriban 2.5, kioo cha dirisha karibu 5.5, na kwatzi, yenye ugumu wa 7, hukwaruza kioo bila shida ilhali kalsiti ya ugumu wa 3 haiwezi. Jiwe lenye kalsiti ukilisaga unga na kulimwagia siki hutoa mapovu madogo, na jaribio hilo ni rahisi kwa mwalimu anayeishi karibu na Tororo. Nenda kwenye machimbo ya kokoto na kwenye kingo za barabara mpya, kwa kuwa trekta hukata mteremko na kukuonyesha kwa siku moja kile ambacho mto ungekionyesha kwa karne. Omba ruhusa ya kutembelea Idara ya Utafiti wa Jiolojia na Migodi iliyoko Entebbe, yenye historia ya tangu mwaka 1919, ambako kuna ramani za jiolojia za nchi nzima. Tafuta ramani inayoonyesha eneo la shule yako na uisome mpaka rangi zake zikae kichwani.

Kwenye intaneti, tovuti ya Earthlearningidea, iliyoanzishwa mwaka 2007 na walimu wa Uingereza, hutoa bure mazoezi ya darasani yanayotumia vitu vya nyumbani kama sahani, mchanga na mishumaa. Mengi yanafaa shule isiyo na maabara, ingawa mengine yanataka barafu, na barafu Mbale ni ya kununua.

Utafiti na watoto

Hapa ndipo wengi hupoteza muda bila kutarajia. Utafiti wowote unaowahusu wanafunzi unahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti inayotambuliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na baada ya hapo usajili wa baraza lenyewe. Kwa kuwa washiriki ni watoto, utahitaji ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi pamoja na kukubali kwa mtoto mwenyewe, na fomu za wazazi ziwe katika lugha wanayoielewa. Zangu zilikuwa kwa Lumasaba, lugha ya watu wa Elgon, na Kiswahili. Mtu mmoja alitafsiri kutoka Kiingereza, mwingine akarudisha tafsiri hiyo kwa Kiingereza bila kuona ya awali, ndipo tukagundua kwamba neno tulilotumia kwa ajili ya utafiti lilisikika kama upelelezi wa polisi. Mwalimu anayetafiti darasa lake ana tatizo jingine pia, kwani mtoto hawezi kumkatalia kwa urahisi mtu anayemsahihishia mtihani. Mtume mwenzako asambaze fomu, na uandike wazi kwamba anayekataa hatapoteza alama.

Mpango wa utafiti usiwe mkubwa. Mikondo miwili ya kidato kimoja, jaribio la kabla na la baada, na mahojiano na wanafunzi kumi au kumi na wawili yanatosha kwa uzamili. Kumbuka kwamba mikondo hiyo miwili hula chakula pamoja na kucheza pamoja, kwa hiyo kilichofundishwa mkondo wa mashariki asubuhi kitakuwa kimefika mkondo wa magharibi kufikia saa saba mchana. Liandike tatizo hilo katika tasnifu badala ya kulificha, kwa maana mtahini atalikuta.

Kuhusu ziara za uwandani, utafiti wa Nir Orion na Avi Hofstein wa Israeli, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha jambo ambalo kila mwalimu analihisi: mwanafunzi anayepelekwa mahali pageni bila maandalizi hutumia akili yake kuzoea mahali, si kujifunza. Hajui atakwenda wapi, hajui atafanya nini, hana dhana za kumsaidia kuona. Watayarishe kwa ramani, picha, na mazoezi ya darasani ya vitu vile vile watakavyovigusa huko, uwaambie hata watakula nini na choo kiko wapi, kisha ziara iwe katikati ya mada, si mwisho wake kama zawadi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020 na kutahiniwa na UNEB, baraza la taifa la mitihani, kwa mara ya kwanza mwaka 2024, unaipa kazi ya shuleni asilimia 20 ya alama, na ziara yenye kazi ya kuandika inaweza kuingia humo. Usipangie ziara yako kwenye alama hizo kabla ya kukubaliana na mkuu wa taaluma.

Kalenda ndiyo bwana mkubwa kuliko wote. Mvua ndefu huanza Machi na kuendelea hadi Mei, za pili hushika Agosti au Septemba mpaka Novemba, na mitihani ya UNEB huchukua Oktoba na Novemba. Kwenye milima hakuna mwalimu mwenye akili anayewapandisha watoto mteremkoni wakati wa mvua, hata kama ndio wakati mada inapoonekana vizuri zaidi. Kinachobaki ni muhula wa pili, hasa Juni na Julai, kwa hiyo idhini zote ziwe mkononi kufikia Mei. Ukirudi nyuma kutoka hapo, pendekezo la utafiti liwe limekwisha kufikia Desemba ya mwaka uliotangulia.

Kumbukumbu za uwandani

Nilipoteza sampuli kumi na mbili kwa siku moja. Nilikuwa nimeandika namba kwa kalamu ya wino kwenye vikaratasi, nikavitia ndani ya mifuko pamoja na mawe, na mvua ilipotukuta njiani maji yakaingia, wino ukayeyuka, nikafika nyumbani na mawe kumi na mawili mazuri yasiyo na majina. Tangu siku hiyo kila jiwe hupata doa la rangi nyeupe, namba juu yake kwa kalamu isiyofutika, na namba hiyo hiyo hurudiwa katika daftari la penseli pamoja na tarehe, mahali, upande wa mteremko na jina la aliyeliokota. Daftari hupigwa picha kwa simu kila jioni, na picha hutumwa kwa mtu mwingine.

Fanya vivyo hivyo kwa maneno ya wanafunzi. Rekodi iandikwe yote kwa lugha waliyozungumza kabla ya kutafsiriwa, kwa kuwa tasnifu itakuwa ya Kiingereza na mtahini hatajua kwamba mtoto alitumia neno moja kwa udongo na kwa matope. Tofauti hiyo huenda ndiyo matokeo yako makubwa.

Tasnifu ikipita, peleka nakala iliyothibitishwa ya cheti kwenye faili lako la utumishi, acha sanduku la miamba shuleni likiwa na orodha iliyobandikwa ndani ya kifuniko, na uandike ukurasa mmoja wa matokeo kwa lugha ya wazazi waliotia saini ridhaa. Usomwe kwenye mkutano wa wazazi, na nafasi ya maswali iwe ndefu, kwa kuwa swali la kwanza litakuwa la mtu anayetaka kujua kama nyumba yake iko mahali salama. Jibu la swali hilo si la mwalimu bali la ofisi ya maafa ya wilaya, na namba yao ya simu uwe nayo mfukoni kabla ya kusimama.